Ramba, Urudishe

Ninazo kumi na moja.
Zimekaa kwenye kabati, Ngara, ghorofa ya pili,
nyuma ya kioo ambacho Nyaguthii hukifuta kila Ijumaa
akisema, wenzako hukusanya ploti.

Si kubwa. Kimo cha kidole gumba na nusu:
mguu wa mviringo, shina fupi, kisha kikombe
ambacho ukikitazama kwa mbali utaapa kina kina
na ukikitia ncha ya ulimi utajua
ni kioo kitupu hadi juu, kizito kama jiwe la mizani,
na pale kileleni kishimo
kisichozidi vijiko viwili vya chai.
Aiskrimu ilikaa humo ikajifanya nyingi.
Kioo kiliikuza. Jua la saa nane liliisaidia kusema uongo.

Senti tano. Ulisimama palepale, kando ya baiskeli,
ukaramba, ukaramba hadi ulimi ukalia kwenye kioo,
ukarudisha.
Ndambuki akaichovya ndooni, akaikung'uta mara mbili,
akamjazia aliyekuwa nyuma yako.
Kufikia adhuhuri maji ya ndoo yalikuwa meupe.

Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika maabara ya kifua.
Makohozi juu ya vipande vya kioo, asubuhi hadi jioni,
jicho moja limefumbwa.
Vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu: yupo.
Buluu tupu: hayupo, mpe nauli arudi kwao.
Kwa hiyo najua vizuri
nini kilikuwa kikirudishwa pamoja na bilauri.

Mureithi, kaka yangu, alikuwa wa tatu kwenye foleni,
siku zote wa tatu, sijui kwa nini.
Sisemi ilikuwa bilauri.
Nyumba yetu Shauri Moyo ilikuwa na dirisha moja na watu tisa.
Sisemi.
Ila nikizitoa kabatini huzishika kwa shina.

Ya kwanza niliipata Gikomba, ndani ya kiatu cha mtumba.
Ya nne kwa fundi saa wa River Road,
aliyekuwa akiwekea skrubu humo.
Ya saba ina ufa; nililipa mia nane,
nikamwambia Nyaguthii mia mbili.
Ya tisa ina mapovu mawili mguuni,
hewa ya kiwanda fulani cha mbali
ambayo hadi leo haijapata pa kutokea.

Ya kumi na mbili iko Kariokor.
Kavata, bintiye Ndambuki, anapimia njugu.
Bilauri moja, shilingi kumi, mbele ya duka la viatu.
Nikamwekea elfu mbili mezani. Akacheka.
Elfu tatu. Akaacha kucheka.
"Mwalimu," akaniambia (sijawahi kufundisha mtu),
"hiki kimetulisha tangu baba.
Nikikuuzia kipimo, nipimie kiganja?
Kiganja changu tazama kilivyo.
Nitafilisika kabla ya Krismasi."

Basi nikanunua njugu.
Akajaza hadi zikafanya kilima,
akaongeza tatu juu, za urafiki,
nami nakijua kishimo kile,
cha mwenzake nimekipima kwa bomba la sindano,
mililita kumi, wala tone zaidi,
na bado macho yangu
yakaona nyingi.

Kwenye karatasi zilikuwa kumi na nane.
Nilizimaliza kabla ya kufika mzunguko wa Pangani.
Chumvi ikabaki vidoleni.
Nikairamba njiani, mtu mzima na mvi zangu,
kidole kwa kidole,
kisha nikajikuta nimenyoosha mkono mtupu,
natafuta wa kumrudishia.